Kusi limeingia na mimi nashuka na mshipi wangu

Kila mwaka ikifika mwezi wa sita, upepo wa kusi ukivuma, watu hapa Lamu hunishangaa wakiniona nashuka gatini na kopo la mshipi wa kuvulia samaki, ati kusi lote hili waenda wapi we. Si makosa yao, manake nje ya Shela bahari imechafuka na boti nyingi za faiba zimevutwa juu. Lakini mimi siendi nje bwana, naenda ndani, nyuma ya kisiwa cha Manda, upande wa mlango wa Mkanda na vile vijito vya mikoko, upepo wapita huko juu na nyinyi chini mmekaa kama mko barazani.

Sasa mwaka huu nikafanya ujinga. Nilipata nafasi mwezi 16, tarehe ya mwezi wa Kiislamu nasema, nikaona siku za ruhusa hazingoji mtu. Ami yangu akaniuliza tu, "Leo mwezi ngapi?" Nikamwambia. Akacheka akarudi kwa kahawa yake.

Bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu! Maji yakimbia utadhani yafukuzwa, nateremsha chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, haligusi chini, mshipi walala ubavu, naongeza la pili ndio likanasa mwambani likabaki huko na ndoana zangu mbili. Maji yaliposimama nikapata kama nusu saa ya kuvua na hiyo nusu saa wakaja bunju, wale wa kujijaza hewa, meno kama mkasi, na hata kula huli manake ana sumu. Kamba wote niliowanunua kwa chambo wakaisha. Nikarudi na jua tu.

Mwezi 22 ami akaja mwenyewe kunigongea alfajiri. Maji mafu, hayana mkondo wa nguvu, chubwi moja dogo tu na lashuka wima mpaka chini. Tukatega pembeni ya mwamba, kamba mmenywe mmoja kwa ndoana, na hapo ndipo changu walipoanza. Changu yuataka subira, huonja kwanza, ukivuta pale pale umemkosa, mwache avute mara ya pili ndio ukaze. Tewa naye hana habari ya kuonja, akimeza tu mbio pangoni, na mimi nikachelewa kama kawaida yangu, akaingia, nikawa navuta jiwe. Nataka kukata mshipi ami akanishika mkono, "Legeza." Nilegeze? Tukalegeza kabisa, tukakaa, yeye akatoa tambuu akatafuna wallahi bila wasiwasi wowote, baada ya muda mshipi ukaanza kutembea wenyewe polepole, akasema sasa, nikavuta kwa nguvu zangu zote na tewa akaja juu, kama kilo mbili hivi.

Changu 7 tukawapaka kwa tui na ukwaju usiku ule. Tewa ami alimpeleka kwake, na wala sikualikwa.