Kinyonga wa pembe tatu, Rungwe

Nimeshuka sasa hivi kutoka Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, matope hadi magotini.

Nimemwona kinyonga wa pembe tatu! Dume, katulia kwenye kijiti. Wapo wa pembe tatu kwingine pia, ila aina hii iko milima ya huku kwetu tu, kama Rungwe na Uporoto.

Kijana mmoja akanyoosha mkono amshike. Mwongozaji akamzuia taratibu: "Mwache hapo hapo, mdogo wangu. Picha piga, mkono usipeleke."

Tukarudi nyuma kidogo.

Jicho moja likabaki kwetu, la pili likageuka kumfuata nzi. Jamani, ule ulimi! Hata sikuuona ukitoka, nzi tu hayupo.

Wana Mbeya, nani mwingine kamwona? Wekeni picha, ila mahali penyewe msitaje. Wanaokamata vinyonga kuuza nao wanasoma.