Siku Moja Maishani Mwangu: Mapigo 15 Juu ya Kokoto

Saa moja asubuhi nilifungua maabara yetu ndogo hapa Malindi, nikafagia vumbi la jana na kuikagua mizani. Wengi hudhani kuwa kazi yangu ni kuvunja mawe tu. Ni kweli nayavunja, ila nayavunja kwa kipimo, ili ijulikane kokoto zitastahimili vipi pigo la ghafla, kama la gurudumu la lori la chumvi kutoka Gongoni linapotumbukia shimoni.

Kufikia saa nne nilikuwa nimemaliza sampuli mbili zisizo na la kusimulia.

Ndipo akaingia mzee mmoja mkandarasi wa barabara na gunia la kokoto za mawe ya matumbawe, likichuruzika maji, akitaka majibu kabla ya adhuhuri. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba sharti zikae kwa muda wa saa nne katika tanuri la nyuzi 105, kwa sababu unga wenye unyevu hung'ang'ania chekeche na kuharibu hesabu.

"Mwanangu," akasema, "jiwe hili nimelijengea nyumba tangu hujazaliwa."

Sikumbishia, magofu ya Gedi yangali yamesimama kwa jiwe hilohilo. Lakini ukuta hulielemea jiwe kwa utulivu, ilhali pigo humwaga nguvu yake yote kwa kufumba na kufumbua, na jiwe lenye matundu mengi ndani halina pa kuipeleka nguvu hiyo isipokuwa kupasuka.

Saa saba umeme ukakatika na tanuri likapoa. Mzee alirudi mara tatu kuuliza, na kila mara nilimjibu yaleyale kwa adabu iliyozidi kupungua. Umeme uliporejea, alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa.

Zilipokauka, nilichekecha nikabakiza punje za kati ya milimita 10 na 14, nikazijaza katika kikombe cha chuma na kuzishindilia kwa fimbo, kisha nikaiachia nyundo ya karibu kilo 14 ianguke kutoka kimo cha milimita 380, mara 15. Mapigo ya kwanza yalilia kwa ukali. Kufikia la kumi sauti ilikuwa imefifia kama ya mchi unaotwanga unga, na unga ndio uliokuwamo. Nilijua jibu kabla ya kupima.

Unga uliopita kwenye chekeche ya milimita 2.36 ulikuwa gramu 202 kati ya 560, yaani asilimia 36. Nilirudia kwa punje nyingine, ikaja asilimia 36 ileile, na kikomo cha tabaka la juu la barabara yake ni 30.

Mzee akauliza kama nyundo yetu imewahi kukaguliwa. Mabega yakiniuma, nilimwonyesha cheti ukutani, naye akakisoma chote, taratibu. Kisha akatoka hadi kwenye tuktuk, akarudi na gunia la pili: kokoto nyeusi za kutoka bara, kavu kabisa.

"Basi jaribu na hizi, mwanangu."

Nililiandika gunia namba, nikamwambia aje kesho.