Mtani nimerudi, hakuna wa kunitukana

Miaka 16 nimekaa Geneva, mingi kati ya hiyo namimina kahawa kwenye mikutano ya amani. Msicheke, wakubwa wa dunia wameinywa kahawa yangu. Hotuba za "utamaduni wa amani" nazijua kwa moyo: Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio lake Septemba 1999, mwaka 2000 ukawa mwaka wake. Mwaka 2021 UNESCO walipokipa Kiswahili siku yake, kila Julai 7, nilitembea kifua mbele wiki nzima. Na jikoni niliwatambia wenzangu: hawa wanaandika tu, sisi kwetu tuna utani wa makabila.

Mnajua wenyewe. Mnyamwezi katoka Unyanyembe, kule Tabora, na pembe za ndovu begani, miezi kwa miguu, kafika Uzaramo, huku pwani, hajui mtu, ana njaa, mwenzake kafia njiani. Wazee wakaona heri watukanane kuliko warushiane mishale. Mtu unamwita mtumwa wako, yeye anakamata kuku wako mchana kweupe, na msiba ukikufika ndiye anayekuzikia. Vita mtaianzia wapi? Tanganyika ilikuwa haijapewa hata jina. Yale yalikuwa mataifa mawili, na hapakuwa na kahawa.

Jumamosi nikaenda msibani Mbagala. Mzee wa Kinyamwezi, rafiki wa marehemu baba. Baba alipofariki mwaka 2003, mzee huyo alivaa koti la baba, akachechemea kama baba, akamfokea mama amletee chai. Mama, siku mbili hajainua uso, akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Sasa zamu yangu, Mzaramo wa Kisarawe, nilipe.

Nikakuta maturubai, viti vimevalishwa vitambaa, fulana zenye picha ya marehemu, mshereheshaji ana kipaza sauti na ratiba. Nikalichukua koti la marehemu, nikalivaa. "Nyamazeni! Mpagazi wangu kafa na deni langu!"

Kimya. Vijana wakatoa simu, wananirekodi. Mshereheshaji: "Tunamwomba mzee aliyevaa koti aiheshimu familia." Mtoto wa marehemu akanishika mkono taratibu, kwa adabu zote, akaninong'oneza: "Baba, umekunywa?"

Siku hizi ukisema watani wa jadi, watu wanaelewa Simba na Yanga. Wewe unayepanga kurudi, mwendokasi utaizoea, daraja la Tanzanite utapigia picha, foleni utaikuta palepale. Msibani uliza kwanza kama mtani yumo kwenye ratiba. Mchango wako wa kwenye kundi la WhatsApp hawatausahau, huo usiwe na wasiwasi.

Nikavua koti, nikalitundika. Niko mlangoni natafuta viatu, dada yake marehemu, bibi kizee, akapaza sauti toka mkekani:

"We Mzaramo! Ubwabwa haujaiva unakimbilia wapi? Na hilo koti unamwachia nani?"

Nikarudi kulivaa.