Pampu hukwamishwa na mkono wa mbele

Mtu akilalamika kwamba shotigani yake ya pampu, ile inayolishwa risasi kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele, inakwama, kwanza tuutazame mkono wake wa mbele. Bunduki hii haina gesi wala springi ya kutoa ganda na kuleta risasi nyingine. Kazi hiyo ni yako. Ukivuta kishikio nusu, ganda tupu linabaki ndani au linanaswa mlangoni, na risasi iliyo kwenye bomba la chini ya mtutu haipandi. Ukivuta vizuri kisha ukasukuma kwa kusitasita, boliti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, haijifungi, na ukibonyeza triga hupati kitu. Kanga uliyekuwa unamwinda naye ameshavuka korongo.

Kwa hiyo vuta mpaka igote, sukuma mpaka igote, kwa nguvu. Bunduki kama Remington 870, ambayo ipo sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, au Mossberg 500, haziogopi mkono mzito. Wengi hupampu taratibu wakidhani wanaitunza silaha, kumbe huo upole ndio unaoleta mkwamo.

Jambo la pili ni gumu zaidi kujifunza: pampu huku kitako kikiwa bado begani na shavu likiwa limelala kwenye mti wa bunduki. Mwanafunzi akishapiga risasi ya kwanza huishusha bunduki kiunoni, huitazama, hupampu, kisha hupandisha upya. Macho yameshamwacha ndege, na kila kitu kinaanza mwanzo. Teke la bunduki lenyewe linakusaidia: inaporudi nyuma, mkono wa mbele uwe tayari unavuta, ili kupampu kuwe sehemu ya mlio uleule. Fanya hivyo kila mara, hata ndege akianguka kwa risasi ya kwanza. Kanga aliyejeruhiwa ana miguu, na hukimbia kuliko unavyodhani.

Ila tabia hiyo ina mwenzake, na wawili hawa hawatenganishwi. Ukishapampu kuna risasi hai kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, na kitufe cha usalama kimefunguliwa. Basi mfuatano uwe huu: pampu, tazama, toa kidole kwenye triga, funga usalama, ndipo unyanyue mguu. Mwindaji anayekimbilia ndege aliyeanguka kabla ya kufunga usalama ni hatari kwa kila aliye mbele yake, hata awe na shabaha namna gani.

Mazoezi ya haya hayahitaji hata risasi moja hai. Nunua risasi bandia tatu za mazoezi, peleka risasi halisi chumba kingine, kagua chemba kwa macho na kwa kidole, kisha chagua ukuta ambao hakuna mtu nyuma yake. Pandisha, fungua usalama bunduki ikiwa inapanda, bonyeza triga, pampu bila kuinua shavu. Mara 20 kila jioni kwa wiki mbili zinatosha kuufundisha mkono. Ujue pia vitufe vyako vilipo. Kwenye 870 usalama uko nyuma ya triga na unasukumwa kwa kidole kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kwenye Mossberg 500 uko juu, mwisho wa mwili wa bunduki, chini ya kidole gumba. Kitufe cha kufungulia pampu nacho kiko mbele ya triga kwa 870 na nyuma yake kwa Mossberg. Anayeazima bunduki ya mwenzake asubuhi ya mawindo huwa anapapasa.

Kupandisha: bunduki ilifuate shavu, shavu lisiifuate bunduki. Mkono wa mbele uelekee kwa ndege kama unavyomnyooshea mtu kidole. Uzito uwe mguu wa mbele. Kitako kikikaa kwenye msuli wa mkono badala ya kwenye shimo la bega, utalala na alama ya bluu. Macho yakae kwa ndege, yaiache shanga iliyo mdomoni mwa mtutu. Ukiitazama shanga, bunduki inasimama, na marisawa yote, vile vidonge vya ndani ya risasi, yanapita nyuma ya mkia. Anzia nyuma ya ndege, mpite mdomo, piga huku ukiendelea kuzungusha mwili.

Kwenye kujaza, sukuma kila risasi ndani ya bomba mpaka usikie kizuizi kinachoishika humo kikilia. Isiposhikwa, inarudi chini ya kile kijiko cha kupandishia risasi na kuifunga bunduki kabisa. Usichanganye geji, yaani vipimo vya upana wa mtutu, mfukoni. Risasi ya geji 20, ambayo ni nyembamba zaidi, ikiingia kwenye geji 12 huteleza, ikapita chemba na kukwama mbele kwenye mtutu. Ukijaza ya 12 nyuma yake na kupiga, mtutu unapasuka. Ndiyo maana za geji 20 hutengenezwa za njano. Soma pia urefu uliochongwa kwenye mtutu: usipige risasi ya milimita 76 kwenye chemba ya milimita 70, hata kama inaingia.

Kabla ya msimu, pigia karatasi. Chora duara la sentimita 76, simama mita 36, hesabu matundu. Choki, ule mbano wa mdomo wa mtutu, ikiwa ya kubana kabisa huweka takriban asilimia 70 ya marisawa humo, ya kati 60, iliyolegea 50. Kwa kwale wanaoruka miguuni pako, iliyolegea na marisawa ya namba 6 hadi 7½ inafaa; kwa kanga tunapendelea ya kati na namba 4 au 5, maana manyoya yake ni mazito. Kupita mita 35 mwache aende. Tanzania utahitaji leseni ya silaha na kibali cha kuwinda; Kenya ilifunga uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na huko unaweza kuyatumia mazoezi haya kwa visahani vya udongo vinavyorushwa hewani.

Mlio ukiwa dhaifu kuliko kawaida, usipampu na kupiga tena. Toa risasi zote, chungulia mtutu. Huenda kizibo cha ndani ya risasi kimebaki humo. Risasi ikikataa kulia, shikilia mtutu upande salama sekunde 30 kabla ya kufungua.

Kabla ya kupanda gari, fungua pampu, bonyeza kizuizi na uzitoe risasi za bomba kwa mkono, moja moja, bila kuzipitisha kwenye chemba. Kisha kidole kidogo ndani ya chemba, na kingine mdomoni mwa bomba mpaka kiguse kisukumio. Giza likishaingia, vidole hivyo ndivyo macho yako.