Koki ya Ziwa Victoria iko Jinja

Ziwa likishuka huku Mwanza mabishano ni yale yale, huyu anasema mvua imegoma, yule anasema Waganda wamefungulia bwawa. Ukitaka kujua nani ana pointi inabidi upige hesabu, na yenyewe wala haitishi kiviile.

Maji ya Victoria yana mlango mmoja tu wa kutokea, pale Jinja. Zamani yalikuwa yanajimwagia yenyewe kwenye maporomoko ya Ripon, ziwa likijaa yanatoka mengi, likipungua yanatoka machache, hakuna mtu anagusa kitu. 1954 likafunguliwa bwawa la Owen Falls (siku hizi Nalubaale), Ripon ikazama, na toka hapo mwenye koki ni binadamu. Waingereza na Misri wakakubaliana grafu ya kufuata: kimo cha ziwa kikiwa hiki, achia kiasi ambacho Ripon ingeachia.

Sasa modeli yenyewe, yaani hiyo hesabu ya kimo cha ziwa, ni Excel tu. Unajumlisha mvua inayonyesha juu ya ziwa na maji ya mito kina Kagera, unatoa yanayokauka kwa jua na yanayotoka Jinja. Mvua ya juu ya ziwa peke yake ni kama asilimia 80 ya kinachoingia, yaani ukiikosea kidogo tu umeharibu kazi yote.

Ziwa lina kama kilomita za mraba 68,800. Tuseme bwawa linaachia mita za ujazo 300 kwa sekunde zaidi ya grafu, mwaka mzima: hapo ziwa zima linashuka kama sentimita 14. Ndicho kilichotokea 2005 na 2006, ukame ukakutana na koki iliyofunguliwa kupita makubaliano maana umeme ulikuwa unatakiwa, ziwa likashuka kuliko miaka 80 iliyopita, na waliopiga hesabu wakakuta karibu nusu ni bwawa na nusu ni ukame. Kwa hiyo wabishi wote wawili walikuwa sahihi, inakera lakini ndo hivyo.

Ila kinyume chake hakifanyi kazi. Mwaka 2020 ziwa lilijaa, kipimo cha kimo pale Jinja (ni namba ya kipimo, sio kina cha ziwa) kikapita mita 13.4, watu wakawa wanauliza kwa nini wasifungulie tu. Hata ukiachia mita za ujazo 2,400 kwa sekunde unapunguza milimita 3 kwa siku, mvua ya usiku mmoja inarudisha zote na chenji juu.

Kitu kinachonisumbua kwenye modeli nyingi ni kwamba zinakupa namba moja ya ziwa zima. Ziwa lina kina cha wastani wa mita 40, mita moja ikipungua katikati huko hakuna samaki anayejua, shughuli iko ukingoni. Mteremko ukiwa mita moja kwa kila mia, maji yakishuka mita moja ufukwe unasogea mita mia, mafunjo yanabaki kwenye nchi kavu, sato anakosa maji mafupi ya kutengenezea viota, mwaloni (pale wanaposhushia samaki) wanabeba ndoo za dagaa huku wanazama matopeni, na kabla hujakaa sawa mtu ameshalima mahindi pale, ambayo ndo yale ziwa lilikuja kuyadai 2020 pamoja na nyumba. Kwa hiyo mimi kwenye Excel yangu sasa kila ghuba ina mteremko wake, na jibu nasoma kwa mita za ufukwe, sio sentimita za Jinja.