Fungua Ukurasa Kwanza: kuzungumza riwaya za zamani na marafiki

Mazungumzo ya vitabu vya zamani huuawa na sentensi moja. Mtu anasema, "Adili na Nduguze? Kile kinafundisha ubaya wa wivu." Wenzake wanatikisa vichwa, chai inamiminwa, habari zinahamia kwenye bei ya mafuta. Kitabu chenyewe kimejaa mambo, ila karibu wote waliokaa pale walikisoma kwa ajili ya mtihani. Kilichobaki kichwani ni jibu la swali. Kurasa zilishaondoka.

Kwa hiyo sharti la kwanza la baraza la vitabu, yaani marafiki wanaokutana kuzungumzia kitabu kimoja, ni hili: hakuna anayetaja dhamira kabla ukurasa mmoja haujasomwa kwa sauti. Anayeongoza siku hiyo achague ukurasa huo nyumbani, aujaribu mara mbili, kisha ausome mbele ya wenzake. Ukurasa wenye maneno 300 hivi huchukua dakika mbili na nusu hadi tatu kwa msomaji asiyekimbia. Baada ya hapo swali linalouliza "mwandishi anatufundisha nini" liwekwe kando, liulizwe swali ambalo jibu lake limo ndani ya ukurasa ule ule.

Chukua hicho hicho cha Adili, kilichotoka mwaka 1952. Kaka zake wawili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Shaaban Robert angeweza kumpa Adili kaka mmoja mbaya akaokoa wino. Kwa nini wawili, na kwa nini majina mawili yanayokaribiana hivyo? Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, maana watu hawakubaliani hata kidogo. Wapo wanaosema mwenye wivu anaumia kwa kuwa yeye hana, na hasidi anaumia kwa kuwa wewe unacho, hata kama kukikosa kwako hakumpi yeye chochote. Wengine watabisha kwamba pwani maneno hayo hayajatengana hivyo. Basi rudini kitabuni mtazame matendo: nani anapendekeza ubaya, nani anafuata? Robo saa itakwisha hamjagusa "funzo", na mtakuwa mmesoma vizuri kuliko darasa zima.

Swali jingine la kitabu hicho: kwa nini manyani? Adili anawapiga ndugu zake waliogeuzwa manyani kila usiku kwa amri ya jini, kisha anawabembeleza. Katika Alfu Lela Ulela kuna kisa cha Abdullah bin Fadhil na kaka zake chenye mifupa ile ile, lakini mle ndugu wamegeuzwa mbwa. Mwenye Alfu Lela Ulela nyumbani aje nayo, kurasa mbili zisomwe bega kwa bega. Usihukumu haraka kwamba huo ni wizi wa hadithi. Uliza kinachobadilika msomaji wa Tanga anapowekewa nyani mahali pa mbwa, mnyama anayekula shambani mwake na mwenye mikono kama ya mtu.

Idadi ya watu ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Sita ndiyo bora. Kikao cha saa mbili kina dakika 120: kila mmoja akipata robo saa zinakwenda 90, zinabaki 30 za kusoma kwa sauti na kunywa chai. Mkiwa kumi na wawili mtu anabaki na dakika saba, na dakika hizo humezwa na yule anayependa kusikia sauti yake. Mkiwa watatu, mmoja akipata msiba au zamu ya kazi, kikao kimekufa.

Kuhusu muda wa kusoma, pigeni hesabu kwa kurasa kumi na tano kwa siku. Kitabu cha kurasa 120 kinaisha kwa siku nane, kwa hiyo wiki mbili zinatosha na za akiba zinabaki. Msikubali mwezi mzima. Mwezi humfanya kila mtu aanze wiki ya mwisho, na waliosoma mapema wanakuwa wameshasahau majina.

Sasa nakala. Hapa ndipo baraza nyingi hukwama bila kujua. Vitabu hivi vimechapwa mara nyingi na wachapishaji tofauti, kwa hiyo ukurasa wa 40 wa chapa ya zamani iliyokutwa kwa muuza vitabu wa kando ya barabara sio ukurasa wa 40 wa chapa mpya ya dukani. Mtu akisema "ukurasa wa arobaini," wenzake wanapekua dakika tano na hoja imepoa. Tajeni sura, kisha maneno matatu ya mwanzo wa aya. Na mwenye nakala ya kutolewa kopi aihesabu kabla ya kikao. Kurasa hukosekana mbili zinazofuatana, mtu wa mashine alipogeuza karatasi mbili kwa pamoja, na asiyejua hilo atabishana kwa nguvu kwamba mhusika fulani "ametokea tu ghafla".

Penseli ni lazima, kalamu hapana, hasa kwa nakala za kuazima. Alama tatu zinatosha: mstari pembeni kwa panapopendeza, alama ya kuuliza kwa pasipoeleweka, na duara kwa neno usilolijua. Mwenye maduara mengi asione haya. Kiswahili cha miaka ya 1950 kina maneno ambayo mitaani hayapiti tena, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 haina yote. Kwa maneno ya zamani kabisa, kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 husaidia zaidi. Johnson huyo ndiye aliyetafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929, kitabu kilichowakosesha usingizi watoto wengi wa enzi hizo. Leo kinastahili kusomwa tena kwa jicho kali, maana safari ile ya kutafuta hazina inamtazama Mwafrika kutoka juu ya farasi wa mtu mwingine.

Kuna kitabu kimoja kilichokaa kana kwamba kiliandikwa kwa ajili ya watu sita: Kusadikika, cha Shaaban Robert huyo huyo, cha mwaka 1951, kinachohusu nchi ya kufikirika iliyo angani. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kuanzisha elimu ya uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa nje ya nchi, wakarudi na mambo ya maana, wakaishia gerezani. Mmoja alikwenda mashariki, mwingine magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Andikeni pande hizo kwenye vikaratasi sita, mvikunje, kila mtu aokote kimoja wiki mbili kabla. Siku ya kikao kila mjumbe ana dakika nane za kueleza alichokiona na kwa nini kilikataliwa, na wengine watano ndio baraza la mfalme: wanauliza, wanapinga, wanatetea mila. Ugumu hujitokeza kwenye mjumbe wa tatu. Safari zinaanza kufanana, watu wanapiga miayo. Hapo ulizeni tofauti tu, yaani huyu alikataliwa kwa sababu gani ambayo mwenzake hakukataliwa kwayo? Na tarehe isiachwe nje. Kuandika habari za mahakama isiyotaka mtetezi, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, kulihitaji nchi iliyo angani. Nchi iliyo ardhini ingeulizwa jina.

Vitabu vya utotoni vina shida yake. Mtu hukumbuka kitabu alichosomewa akachanganya na alichosimuliwa na bibi, halafu akaapa kwamba ndivyo kilivyoandikwa. Usimkatalie. Fanya hivi: asimulie kwanza kitabu kikiwa kimefungwa, wenzake wasimsahihishe, kisha kifunguliwe. Hekaya za Abunuwasi zinafaa sana kwa mchezo huu. Kisa cha sufuria iliyozaa kila mtu anakijua: Abunuwasi anaazima sufuria, anairudisha na kisufuria kidogo akisema imezaa, anaazima tena, safari hii anasema imekufa. Kwenye kusimulia, watu hukimbilia kifo cha sufuria kwa sababu ndipo pa kuchekea. Wanaruka mwenye sufuria alipopokea "mtoto" kwa furaha bila kuuliza swali hata moja. Kitabu kikifunguliwa, simameni hapo hapo mrukapo. Mlaghai ni nani katika kisa hiki? Kwa watoto jibu ni rahisi. Watu wazima waliowahi kuweka pesa kwenye mchezo wa kuzidisha pesa huwa kimya kidogo.

Shairi la sungura na matunda mabichi, lile la vitabu vya shule ya msingi Tanzania, lipimeni vivyo hivyo. Wengi watalikariri kwa mahadhi ya darasani hadi ubeti mmoja, kisha sauti zinapungua moja moja. Andikeni mnayoyakumbuka kabla ya kutafuta maandishi yenyewe. Neno lililobadilika vinywani huonyesha sikio lilipenda nini.

Kwa riwaya ndefu, Vuta n'kuvute ya Adam Shafi kwa mfano, gawanyeni vikao vitatu. Jina lenyewe lisomwe kwa sauti kwanza, maana lile n' limebeba "ni" ya "nikuvute", na asiye wa pwani hulipita kama kosa la chapa. Mazungumzo ya Unguja katika kitabu hicho yapewe msomaji mwenye ulimi huo akiwepo. Utani mwingi umo kwenye lafudhi, ukisomwa kwa mahadhi ya taarifa ya habari hufa. Na kwa kuwa filamu yake ipo tangu mwaka 2021, kutakuwa na mtu aliyeitazama badala ya kusoma. Utamjua haraka, ataeleza nguo na rangi za nyumba. Filamu ipewe dakika ishirini za mwisho za kikao cha tatu, si kabla.

Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, isipangwe bila kuonya. Ilipigwa marufuku shuleni ilipotoka, na baadaye ikarudi kama kitabu cha kusomwa. Kuna mambo mle ya mabinti, baba mkali, mimba na kifo ambayo kwenye chumba cha watu sita huenda yamemgusa mmoja wao nyumbani kwake. Mwongozaji aseme mapema sura zipi ni nzito, na asimlazimishe mtu kuzisoma kwa sauti.

Wanaokutana kwa simu wana tabu ya saa kabla ya tabu ya kitabu. "Saa mbili usiku" andika pia 20:00 saa za Afrika Mashariki, kwa sababu aliyezaliwa Uingereza na wazazi wa Mombasa atasoma mbili kama mbili. Muscat wako mbele saa moja, Lubumbashi wako nyuma saa moja, London nyuma mbili au tatu kutegemea majira. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili. Wa dakika tisa hausikilizwi na yeyote, hata na wanaoweka alama ya moyo.

Nimeweka mwisho Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla kwa sababu una utaratibu wake peke yake. Ni riwaya ya upelelezi, maiti ya Bwana Ali imekutwa mzimuni, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anaanza kupekua. Mkiisoma yote kabla ya kukutana, mmeitupa. Isomeni hadi sura mbili kabla ya mwisho, na mwenye nakala abane kurasa zilizobaki kwa kibanio cha karatasi ili jicho lisiteleze. Kwenye kikao cha kwanza kila mtu aandike jina la anayemshuku na aya mbili za ushahidi, kwa maneno ya mwanzo wa aya, si kwa "nahisi tu". Karatasi ziingie kwenye bahasha, bahasha akae nayo mwenye nyumba. Kikao cha pili kianze kwa kuzisoma moja moja, halafu zile sura mbili zisomwe kwa sauti, kwa zamu, aya kwa aya. Anayejua mwisho tangu shuleni apewe kazi ya kuchemsha chai.