Siku moja na bluzi nyeupe mjini Goma

Saa 10:30 alfajiri. Pasi ya makaa kwanza, chai baadaye. Umeme umekatika tangu jana na bluzi, koti langu jeupe la uuguzi, lazima inyooke. Ninazo mbili tu. Ya pili iko kwenye beseni.

Saa 12:00. Napanda moto, yaani pikipiki, bluzi nimeikunja mfukoni. Siivai njiani. Mtaa wetu umekalia lava ya volkano ya Nyiragongo iliyolipuka 2002, na vumbi lake jeusi halijui nani muuguzi. Tena sitaki kuwarudishia watoto wangu vijidudu vya wodini.

Saa 1:00. Makabidhiano, vipimajoto, dripu, matandiko. Kucha fupi, pete nimeiacha nyumbani, saa nimeibana kifuani. Jirani yangu hudhani tunanyimwa urembo. Kumbe chini ya kucha ndefu uchafu hubaki hata ukinawa sekunde 60.

Saa 4:00 kasoro, nikisafisha kidonda, iyodini ikanimwagikia. Doa la kahawia tumboni, kubwa kama chapati.

Kitanda cha dirishani kuna mtoto wa malaria kali. Artesuneti ya kwanza alichomwa saa 4 usiku, ya pili ni saa 12 baadaye, yaani sasa hivi. Nimeshaichanganya, na ikichanganywa haikai zaidi ya saa moja. Bibi yake, kitenge kipya, kilemba kimesimama, akanyoosha mkono kunizuia.

“Weye mutoto, hiyo damu ya nani?”

“Mama, ni dawa ya kidonda.”

“Damu ikikauka inakuwa vilevile. Enda utuitie muganga mwenyewe.”

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Akawauliza wagonjwa wote kama wao wangekubali. Wawili wakatikisa kichwa, na mmoja wao nilimbadilishia shuka asubuhi hiyo hiyo! Dakika ishirini zikaisha. Akapita mwanafunzi wetu wa mazoezi, wiki yake ya tatu, bluzi inang'aa.

“Docta! Docta, kuja!”

Kijana akatoa macho. “Mama, huyu ndiye ananifundisha.”

Hakuna aliyemsikiliza. Mwishowe nikaazima bluzi yake, nikakunja mikono mara tatu (mfukoni mlikuwa na kipande cha andazi), nikanawa, nikarudi.

“Sasa ndiyo,” bibi akasema, akamshikilia mtoto vizuri kabisa. Nikachoma.

Baada ya hapo sijui saa. Waliolazwa wapya wanne, miguu imevimba, chakula nilikula nimesimama.

Usiku. Nimesaga vidonge viwili vya vitamini C, nimevikoroga na maji, nimemimina juu ya doa. Linafifia nikiliangalia. Bidoni ya maji imebaki na lita tano hivi, na bado kuna bluzi ya kijana ya kufua.